Barua ya wazi kwa wenye mamlaka: Mgonjwa wa akili anaporuhusiwa, anaruhusiwa kwenda wapi?

Kwa Waheshimiwa Waziri wa Afya, Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Miji, na viongozi wa Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala,

Nawasalimu kwa heshima. Nimewaandikia nyote kwa pamoja kwa makusudi, kwa sababu jambo ninaloliandikia limeangukia katikati ya meza zenu, na kwa miaka mingi kila meza imeamini kwamba limo mikononi mwa meza nyingine. Ni habari ya ndugu zetu walioshikwa na maradhi ya akili wakaishia kulala nje, kwenye baraza za maduka, pembeni mwa paki za teksi na chini ya miembe ya soko. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Arua, na mmoja wa watu hao ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Nitaanza na karatasi, ambayo ninayo mezani hapa ninapoandika. Ni karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali, imekunjwa mara nne, na mikunjo imechakaa hadi maandishi ya katikati yamefutika. Inaonyesha jina la mdogo wangu, umri wake, siku alizolazwa, dawa alizopewa, na tarehe ya kurudi kliniki baada ya wiki mbili. Juu, upande wa kulia, pana nafasi ya kujaza anwani ya mgonjwa, na katika nafasi hiyo mtu amepiga mstari mfupi kwa kalamu ya bluu. Aliyeupiga simdhanii ukatili. Pengine alikuwa na wagonjwa wengi kupita kiasi na wenzake wa zamu walikuwa wawili tu. Hata hivyo mstari ule una maana yake. Maana yake ni kwamba hospitali iliona mgonjwa hana pa kwenda, ikaliandika jambo hilo kwa namna yake, kisha mlango ukafunguliwa. Ilikuwa Ijumaa jioni. Namba yangu ya simu ilikuwa kwenye faili lake tangu siku alipolazwa, na hakuna aliyenipigia. Nilimpata baada ya miezi saba, jijini Kampala, kwenye baraza la duka la vipuri, na karatasi hii alikuwa ameifunga ndani ya kavera, mfuko wa plastiki, na kuiweka kifuani chini ya shati, kama mtu anavyotunza hati ya kiwanja.

Sitaitaja hospitali hiyo wala mji wake, kwa kuwa sikuandika ili mtu mmoja afukuzwe kazi. Tangu siku ile nimezungumza na familia nyingine zilizopitia hayo hayo, nyingine hapa West Nile, nyingine huko Lira na Masaka, na swali letu sote ni lile lile: mgonjwa wa akili anaporuhusiwa, anaruhusiwa kwenda wapi?

Mdogo wangu hakuzaliwa barabarani. Tulikulia katika kambi ya askari, ambako watoto wa Waacholi, Wateso, Walugbara na Wasoga walicheza na kugombana kwa Kiswahili, ndiyo sababu lugha hii kwetu ni ya nyumbani. Marehemu baba alipostaafu tuliiacha nyumba ya kazi kama familia za askari zinavyoiacha, tukahamia kwenye kiwanja alichokinunua kwa akiba yake. Kijana alijifunza kuchomelea vyuma, akawa fundi mwenye mkono mwepesi. Yapo mageti mawili aliyoyatengeneza ambayo hadi leo yanafunga nyumba za watu. Ugonjwa ulimjia akiwa na miaka 19. Usingizi ulimkimbia kwanza. Kisha akaanza kuzima redio za majirani akisema zinamtaja jina. Tulimpeleka kwenye maombi, tukampeleka kwa mganga, tukapoteza karibu mwaka mzima pamoja na mbuzi wote wa mama, ndipo tukamfikisha hospitali, ambako ugonjwa ulipewa jina lake, skizofrenia, na dawa ikaanza kumrudishia usingizi.

Nawaomba msiliruke hili, kwa sababu wapo wengi, hata ndani ya ofisi za serikali, wanaoamini kwamba mtu akishaitwa kichaa amekwisha. Kwa miaka minne, kwa sindano moja kila mwezi, mdogo wangu alifanya kazi, alimsaidia mama, na alilipa kodi ya muzigo wake, chumba kimoja chenye mlango wa mbao na taa moja, bila kumwomba mtu shilingi. Alikuwa mgonjwa mwenye nyumba. Vilivyomzuia asiishie barabarani ni vitu viwili, dawa na mlango, na kimojawapo kilipokosekana cha pili hakikukaa.

Dawa ndiyo iliyotangulia. Mwezi wa kwanza aliambiwa kituoni kwamba sindano zimeisha, arudi wiki ijayo. Mwezi wa pili aliandikiwa akanunue duka la dawa. Alinunua. Mwezi wa tatu hakuwa na fedha ya dawa na ya kodi kwa pamoja, akachagua kodi, kwa kuwa mwenye nyumba hubisha hodi na ugonjwa haubishi. Sauti zilirudi polepole. Akawa anamwachia mteja geti nusu, akawa anabishana na watu ambao hawapo, na wateja wakaenda kwa fundi mwingine. Simlaumu mwenye nyumba aliyetoa godoro lake nje. Alikuwa mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba vinne, na alimvumilia miezi mitatu, muda mrefu kuliko taasisi yoyote iliyopata kumvumilia.

Alipotoka muzigo angeweza kurudi kwenye kiwanja cha baba. Hapa ndipo namwelekea zaidi Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, maana habari za ugonjwa wa akili na makazi husimuliwa hospitalini tu, na mara nyingi hukumu ya mtu kukosa makazi hutolewa kwenye kikao cha ukoo. Mama alikuwa amefariki, mimi nimeolewa mbali, na kijana anatembea ovyo mjini akizungumza peke yake. Mzee mmoja wa upande wa baba aliuza kiwanja. Makubaliano ya mauzo niliyaona baadaye: kurasa mbili, mashahidi watano, muhuri wa mwenyekiti wa kijiji, na sentensi moja inayosema kwamba mtoto wa kiume wa marehemu yupo lakini hajiwezi. Waliandika kwamba yupo. Waliandika kwamba hajiwezi. Kwao, sentensi hiyo ilitosha kuwa ruhusa ya kuuza, badala ya kuwa sababu ya kusimama.

Ipo njia ya kisheria ya mahakama kumteua msimamizi wa mali ya mtu ambaye ugonjwa umemzuia kuisimamia. Njia hiyo ni njema, lakini inahitaji wakili, nauli, barua ya daktari na subira ya miezi, na anayenyang'anywa kiwanja kijijini hana hata kimoja. Muhuri wa mwenyekiti wa kijiji (LC1), kwa upande mwingine, unapatikana asubuhi moja. Kaskazini mwa nchi jambo hili lina kina zaidi. Vita vya miaka ishirini viliwaweka watu wapatao milioni 1.8 kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, na kambi zilipoanza kufungwa baada ya 2006 watu walirudi kwenye ardhi ambayo mipaka yake ilikuwa imebaki kwenye kumbukumbu tu. Katika mabishano ya namna hiyo, anayeamka usiku akipiga kelele za vita, au msichana aliyerudi kutoka porini kwa waasi akiwa hasemi na mtu, hana sauti ya kudai mpaka. Ndugu mwenye afya husema, na kikao humsikiliza anayesema vizuri.

Naomba Wizara ya Ardhi iwaandikie wenyeviti wa vijiji waraka mmoja mfupi, kwa lugha wanazozitumia, kwamba ardhi ambayo mmoja wa warithi wake ni mgonjwa wa akili haitauzwa kwa muhuri wao mpaka afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya awe amefika, amemwona mgonjwa, na ameandika atalala wapi. Najua wapo wenyeviti watakaoupuuza. Wapo pia wengi watakaoshukuru kuwa na karatasi ya kumwonyesha mzee mkali anayewagongea meza.

Sasa niseme kuhusu barabara yenyewe, kwa sababu watu wengi hudhani mwendo ni wa upande mmoja, kwamba mtu huugua kisha hukosa nyumba. Nilipokuwa nikimtafuta mdogo wangu nilipita mtaa wa Kisenyi jijini Kampala, nikapita kando ya soko la Owino usiku, nikauliza maswali kwa watu wanaolala huko. Nilikutana na wanaume waliofika Kampala wakiwa na akili zao timamu, wakitafuta kazi, ambao baada ya mwaka wa kulala kwa kuamka kila saa, wa kupigwa, wa kuibiwa viatu, wa kunywa waragi ili baridi isisikike, walikuwa wameanza kusikia wasiyoyaona. Usingizi ni dawa ya kwanza ya akili, na barabara haina usingizi. Mmoja alinieleza kwa nini aliacha vidonge alivyopewa, na maelezo yake yalinifundisha kuliko semina yoyote: vidonge vile vinalaza sana, na anayelala sana barabarani huamka hana kitu, au haamki. Dawa nyingine huongeza njaa, na yeye hana chakula cha jioni. Nyingine hukaza misuli na kutetemesha mikono, na mikono inayotetemeka haipewi mzigo wa kubeba sokoni. Daktari anayeandika kwamba mgonjwa huyu hafuati dawa angeuliza kwanza anazimezea wapi.

Kwa wanawake ni zaidi ya hapo, na sitalizunguka. Mwanamke mgonjwa wa akili anayelala nje hubakwa. Mjini kwetu tumewaona wakibeba mimba ambazo hakuna mwanamume anayejitokeza kuzikubali, wakajifungua nyuma ya maduka, na mtoto akachukuliwa mbele ya mama anayelia ambaye kilio chake kinahesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa. Jinai inayotendwa kwa mtu ambaye ushahidi wake hautaaminiwa ni jinai iliyopewa ruhusa, na hili naliacha mikononi mwa Wizara ya Jinsia pamoja na polisi.

Niwakumbushe pia kwamba wagonjwa wengi wa akili nchini hawalali nje, na wengi wanaolala nje si wagonjwa wa akili. Sitaki barua yangu itumiwe kumwita kila maskini wa mjini mwendawazimu. Ninawazungumzia wale ambao mambo mawili yamewakuta kwa pamoja, kwa sababu wao ndio ambao msaada wa jambo moja peke yake huwapita. Kituo cha kuwapa watu wa mtaani mafunzo ya kazi huwarudisha mlangoni kwa kuwa wanaongea peke yao. Hospitali huwatibu na kuwarudisha mtaani.

Viongozi wa jiji, mnisamehe nikitumia maneno mawili ya Kiswahili ambayo Waganda wa rika langu hawayasahau: panda gari. Miaka ya mwanzo ya 1980, hayo ndiyo maneno ambayo watu wa Kampala waliamka nayo alfajiri, wakakusanywa na askari kwenye malori, na si wote waliorudi. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi nikijaribu kuwaonyesha wanafunzi kwamba ni lugha ya salamu na ya utu, na kila mara mzazi mmoja hunikumbusha kwamba yeye aliisikia kwanza kama amri. Kwa hiyo huumia moyo wangu ninapoona, mji unapojiandaa kupokea wageni wakubwa, gari likipita usiku kuwakusanya waliolala kwenye baraza na maneno yale yale yakisemwa. Mgonjwa wa akili hapandi gari vizuri. Huogopa, hupigana, hukimbia, na huumizwa.

Sheria imekwisha kusonga mbele ya mazoea haya. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta sehemu za kifungu cha 168 cha Sheria ya Kanuni ya Adhabu, ambazo kwa miaka mingi ziliruhusu kumkamata mtu kama mzururaji kwa sababu tu hana njia inayoonekana ya kujikimu na hawezi kutoa maelezo ya kuridhisha kuhusu nafsi yake. Fikirini maneno hayo juu ya mgonjwa wa skizofrenia. Kutoweza kutoa maelezo ya kuridhisha kuhusu nafsi yako ndio ugonjwa wenyewe. Katiba yetu ya 1995, katika ibara ya 23, inakubali kwamba mtu anayedhaniwa kuwa mgonjwa wa akili anaweza kuzuiwa, lakini inataja ni kwa ajili ya nini: matunzo au matibabu yake, au usalama wa jamii. Kusafisha mitaa kabla ya mkutano hakumo. Ikiwa lazima gari liende, naomba ndani yake awemo muuguzi wa akili anayejua kuketi chini kwanza na kuuliza jina, na gari hilo liishie kwenye kituo cha afya.

Mheshimiwa Waziri wa Afya, nitakuwa mkweli kwamba yapo mengi ambayo wizara yako imeyafanya na ambayo sisi wenye wagonjwa tunayaona. Vipo vitengo vya akili kwenye hospitali za rufaa za mikoa, hapa kwetu Arua pia, na si kila mara mgonjwa wa Yumbe huhitaji kupelekwa Kampala. Wapo maafisa tabibu wa magonjwa ya akili waliofunzwa nchini, watu wanaofanya kazi ya daktari bingwa kwa mshahara mdogo, na nawaheshimu. Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, ikachukua nafasi ya sheria ya zamani, na imeweka wazi kwamba matibabu ya akili yapatikane kwenye vituo vya afya vya msingi. Uganda iliridhia pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, ambao unatambua haki ya mtu kuishi ndani ya jamii. Maandishi tunayo mazuri.

Lakini Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Butabika, ya magonjwa ya akili, ilifunguliwa mwaka 1955, na sensa ya 1959 ilihesabu watu wapatao milioni 6.5 katika nchi hii. Sensa ya 2024 imehesabu milioni 45.9, na vitanda rasmi vya Butabika ni 550. Wauguzi hawana budi kumruhusu wa leo ili wa kesho apate pa kulala. Hili nalielewa, na ndiyo maana siombi mgonjwa akae hospitali maisha yake yote. Naomba tu kujua wodi inapomwachia, nani anampokea.

Wenzetu wamekwisha kutufundisha kwa gharama kubwa kinachotokea jibu la swali hilo linapokosekana. Mwaka huo huo wa 1955, hospitali za akili za majimbo ya Marekani zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000. Zilipunguzwa katika miongo iliyofuata kwa nia njema, kwamba watu watatunzwa karibu na kwao, lakini huduma za karibu na kwao hazikujengwa kwa kiasi kilichoahidiwa, na wengi waliishia barabarani na magerezani. Karibu nasi zaidi, huko Gauteng, Afrika Kusini, wagonjwa zaidi ya 1,400 walihamishwa mwaka 2015 na 2016 kutoka vituo vya Life Esidimeni kwenda kwa mashirika yasiyo na uwezo, ili kupunguza gharama. Watu 144 walikufa. Yeyote atakayesoma barua yangu akadhani ninaomba hospitali zipunguzwe atakuwa amenigeuza.

Yapo pia mafunzo ya heri. Mwaka 1992, mjini New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianza kuwapa watu wa barabarani wenye maradhi makali ya akili chumba chao kwanza, bila kuwataka waonyeshe kuwa wamepona au wameacha pombe, kisha matibabu yakawafuata humo chumbani. Wengi walicheka. Kanada ikaijaribu njia hiyo kati ya 2009 na 2013 katika miji mitano, kwa watu zaidi ya 2,000, ikalinganisha waliopewa nyumba kwanza na waliopata huduma za kawaida. Waliopewa nyumba walikaa kwenye makazi ya kudumu asilimia 73 ya muda, wenzao asilimia 32. Mtaniambia kwamba Kanada ni tajiri, na mtakuwa mmesema kweli. Basi tazameni Chennai, India, ambako vijana wawili wa kike walianzisha The Banyan mwaka 1993 kwa ajili ya wanawake wagonjwa wa akili waliokuwa wakilala nje, na ambako leo wale wasioweza kurudi kwao huishi wachache wachache katika nyumba za kupanga, mitaa ya kawaida, pamoja na mhudumu. Au tazameni Bouaké, Ivory Coast. Grégoire Ahongbonon alikuwa fundi wa matairi, hakuwa daktari, alipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuwaokota wagonjwa wa akili barabarani na kuwafungua waliofungwa minyororo kwenye miti. Vituo vyake vilienea hadi Benin alikozaliwa, na baadhi ya wanaowahudumia wagonjwa humo ni watu waliowahi kuwa wagonjwa wenyewe.

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni hili, na ningependa lisomwe na mawaziri watatu wakiwa wameketi chumba kimoja. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na nyumba ya mpito, nje ya uzio wa hospitali, yenye vitanda kumi au kumi na viwili, jiko, kisima, na muuguzi mmoja anayelala hapo. Mgonjwa ambaye nafasi ya anwani yake imepigwa mstari aende huko. Akae wiki kadhaa akijifunza tena kupika, kuamka, kumeza dawa kwa saa yake, huku afisa wa ustawi wa jamii akiwatafuta ndugu na kukaa nao chini kabla hajarudi, maana ndugu nao huogopa, na hofu yao haiondolewi kwa mgonjwa kushushwa getini na gari la hospitali. Asiye na ndugu apangishiwe muzigo na alipiwe kodi ya miezi ya mwanzo. Hadi nyumba hizo zijengwe, itolewe amri ambayo haina gharama ya ujenzi: hakuna mgonjwa wa akili atakayeruhusiwa bila mtu aliyepigiwa simu akaitikia, bila jina la kituo cha afya kitakachompokea, na bila dawa ya mwezi mzima mkononi.

Kituo hicho cha afya nacho kiwe na dawa. Bohari ya Taifa ya Dawa hupeleka shehena zake kwa ratiba, na sindano ya mwezi si dawa ya anasa. Mgonjwa wa kisukari akikosa dawa tunasema mfumo umemwangusha. Mgonjwa wa akili akikosa dawa tunasema amerudiwa na wazimu.

Kuna na hili la kitambulisho, ambalo ni dogo kwa maneno na kubwa kwa matokeo. Mtu aliyepoteza kitambulisho cha taifa akiwa barabarani huweza kutakiwa barua ya mwenyekiti wa kijiji ili apate kingine, na mwenyekiti hawezi kumwandikia mtu ambaye haishi kijijini kwake. Mpango wa serikali wa Maendeleo wa Parokia (parokia hapa ni eneo la utawala, si la kanisa), ulioanza 2022, umetenga asilimia 10 ya fedha za kila parokia kwa watu wenye ulemavu, na mgonjwa wa muda mrefu wa akili anastahili kuhesabiwa humo. Lakini fedha hizo hufuata kaya iliyoandikishwa. Asiye na kaya hayupo kwenye daftari, na asiyekuwepo kwenye daftari hakosi kwa bahati mbaya, anakosa kila mwaka. Wizara ya Jinsia inaweza kuomba barua ya hospitali ikubaliwe mahali pa barua ya kijiji.

Mdogo wangu sasa anaishi nyuma ya nyumba yangu, katika chumba tulichokijenga kwa matofali ya kuchoma na mabati manane. Mwezi wa kwanza alilala na viatu miguuni. Hata mlango hakuufunga, kwa kuwa alizoea kuona anayekuja. Mwezi wa pili aliniomba kufuli. Siku aliyoniomba nilikwenda jikoni nikalia, kwa sababu mtu anayetaka kufuli ni mtu anayeamini kwamba kilichomo ndani ni chake. Amechomelea kitasa chenyewe, mikono ikimtetemeka kidogo kwa ajili ya dawa. Sauti hazijaisha zote. Zipo siku anakaa kimya tangu asubuhi, na watoto wangu wamejifunza kumwachia chai karibu bila kumsemesha.

Sindano yake inayofuata ni Jumanne ijayo. Wiki iliyopita niliambiwa kituoni kwamba hawana uhakika kama shehena itakuwa imefika, kwa hiyo nimeweka kando fedha ya duka la dawa, jambo ambalo mwalimu mwenye mshahara anaweza kulifanya, na dada wa wale niliowaacha Kisenyi pengine hawezi. Karatasi yenye mstari wa bluu ninayo bado. Nikiitwa na yeyote kati yenu, kwa siku yoyote, nitakuja nayo, na mdogo wangu amesema atakuja pia.

Kwa Mungu na Nchi Yangu.

Mwalimu wa Kiswahili, na dada wa mgonjwa,
Arua